Dohani Niliyoiziba

Muzamili, acha unachofanya usome. Shakirah amelazwa, na aliyemlaza ni mimi.

Unaijua nyumba yao ya kikoloni hapa Arua Hill. Wiki iliyopita mama yake aliniita nitengeneze dohani, mvua ilikuwa inashuka hadi kwenye meko ya ukutani. Nikaiziba kwa juu kwa zege. Nani huwasha moto sebuleni Arua?

Fundi mwenzangu, mzee Tahiru, aliniambia, "Waulize kwanza wanawake wa nyumba." Nikamjibu kwa beti mbili za kejeli, watu wakacheka.

Harusi ya Shakirah ni Jumamosi. Leo asubuhi shangazi yake, Asiya, aliwasha kuni za manukato mekoni, akamfunika bibi harusi blanketi ajifukize, kama mabinti wao wote wanavyofukizwa. Akafunga mlango, akaenda kuchanganya mafuta. Aliporudi, Shakirah hajitambui.

Anapumua. Macho hajafumbua.

Hapa hospitalini mama yake alikuwa anamfokea Asiya mbele ya watu: "Umeniulia mtoto na kuni zako."

Asiya akaniona. "Wewe fundi, waambie. Dohani iko wazi?"

Nikasema, "Iko wazi, shangazi."

Mimi, Muzamili. Mimi mwenye maneno. Iko wazi, ndivyo nilivyosema.

Sasa wamemtoa Asiya hadi getini, amekaa chini, viatu vyake vimebaki wodini. Naingia kuvichukua, na nitawaambia nani aliziba.

Kaka zake Shakirah wako wanne mle ndani. Nikinyamaza muda mrefu, njoo.