Mimi na Darnell Dhidi ya Wageni

Jumamosi usiku

Sijutii, ila uso bado unaniwaka.

Darnell, Mmarekani niliyempangisha chumba cha juu, amecheza kikapu Ugiriki na Poland, kila mahali msimu mmoja tu. Hapa Birmingham pia mkataba unakaribia kuisha. Wakimwacha aende, nitabaki nikigombania ugali na nani?

Ndiyo maana nilimfundisha maneno mawili ya Kiswahili, kushoto na kulia. Leo nimekaa nyuma ya benchi la wapinzani. Kila walipoita taimauti nilitega sikio kocha wao akipanga mashambulizi, kisha nikapiga kelele.

"Kushoto, Darnell!" Akapokonya mpira.

"Kulia!" Akapokonya tena. Nikaanza kujiona kocha.

Mara mchezaji wao mrefu kuliko wote akanigeukia, meno yote nje. "Mama, hata mimi niko nasikia Kiswahili. Ya Bukavu, Kongo!"

Tangu hapo nikisema kushoto, wao wanapita kulia. Tumepigwa vibaya. Mambo ya mkataba sasa anajua Mungu.

Kwenye gari Darnell akaniuliza yule jamaa alisema nini.

"Alikuwa anakusifu," nikamwambia. "Kesho tunaanza Kikamba."