Matundu Matatu na Mkaja

Jumapili, Kibuyuni. Mawingu tangu alfajiri. Mvua imekaa juu yetu kama mgeni asiyeaga wala kuingia ndani.

Bamvua limeingia, siku za bahari kukauka mbali, na wenzangu wako majini wanafunga mwani. Maji yakitoka mbali namna hii, sauti zao hufika mpaka barazani kwangu. Wanataniana, wanachekana, kuna mmoja kamba imemkatikia na wote wanamzomea. Mimi nimekaa kitini na mto mgongoni. Nimekatazwa bahari, nimekatazwa kuinua ndoo, nimekatazwa kuinama. Ukiniondolea hayo matatu hapa Kibuyuni, sibaki na kazi yoyote ila kuandika.

Tumbo linauma kidogo. Silo lililonikalisha.

Hata hivyo nianze na tumbo. Kabla sijaenda kufanyiwa, nilitafuta kwenye simu mwanamke mmoja tu aliyeandika kwa Kiswahili nini humpata mtu akiingizwa kamera tumboni. Niliwapata waganga. Wote wana dawa ya chango la uzazi na wote wana picha ya simba. Basi nitaandika mwenyewe. Shule niliiacha darasa la nane, lakini tumbo ni langu.

Nimeolewa na Rama miaka saba na hatujapata mtoto. Rama anafua mashuka katika hoteli moja ya Diani, hushuka nyumbani siku yake ya mapumziko. Mama yake, ambaye nami namwita Mama, anakaa nyumba ya pili kutoka yangu. Miaka yote hiyo amenichemshia dawa za chango kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nimezinywa zote, nisije nikaambiwa sikujaribu. Mwisho tukaenda hospitali, huko Ukunda. Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa bara, mwenye Kiswahili cha haraka na mikono ya polepole. Akasema picha za kupigwa juu ya tumbo zimefika mwisho wake, inabidi aangalie ndani.

Matundu matatu, alinieleza, kila moja dogo kuliko ukucha wangu. Moja kitovuni, mawili chini, pale nguo ya ndani inapoanzia. Ukishalala hujazwa hewa, tumbo lisimame kama hema, ndipo kamera ipite. Kisha rangi ya buluu hupitishwa kutoka chini kwenda juu, waone kama mirija inapitisha. Nilimsikiliza kama ninayepewa habari za jirani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo huli kitu, na ikifika saa waliyokuambia, hata maji huyanywi. Hilo halikunishinda. Kilichotushinda ni hina. Mama alinipaka mwenyewe siku moja kabla, kwa kuwa haiwezekani mwanamke atoke kwake kwenda safari kubwa na kucha nyeupe. Alinipaka zikakolea kama za bi harusi, mikono na miguu. Pale hospitalini muuguzi akaniambia nitoe rangi ya kucha, maana kuna kidude hubanwa kidoleni kikasoma hewa iliyomo kwenye damu, na rangi hukizuia. Nikamwambia hii haitoki, hii hungojwa ikue na ukucha. Akaziangalia kucha, akaiangalia miguu, akavuta pumzi.

“Nyinyi wa pwani mtaniua,” akasema.

Kidude wakakibana kwenye ndewe ya sikio, mambo yakaenda. Lakini dada utakayesoma hapa, hina iwe ya kurudi, isiwe ya kwenda.

Usingizi wenyewe hauna ndoto. Mtu aliniuliza mume wangu anaitwa nani, na kabla sijalimaliza jina niliamshwa.

Unapoamka koo limechubuka kwa ajili ya mpira waliokupitishia pumzi. Mwili unatetemeka, moyo unachafuka. Damu inatoka kidogo, kama ya mwisho wa hedhi. Mkojo wangu wa kwanza ulikuwa na rangi ya maji ya bahari karibu na mwamba, nikadhani nimeanza kufa kwa namna ambayo haijapata kuonekana. Ni ile rangi tu, hutoka.

Kisha bega. Mimi nimetobolewa tumbo, kinachoniliza ni bega. Muuguzi akasema ni mabaki ya ile hewa, hupanda juu, na siku mbili tatu huisha, nijikongoje kidogo kidogo. Nilipompigia Mama simu na kumwambia bega linauma, hakungoja nimalize.

“Huo ni upepo,” akasema.

Kwa mara ya kwanza yeye na hospitali wakaafikiana.

Daktari alikuja alasiri. Rama alikuwa ametoka kwenda kuswali. Nilikuwa bado nina usingizi machoni, kwa hiyo aliniambia mara mbili.

Mirija yote miwili imeziba. Imevimba kwenye ncha na imegandamana na vilivyo jirani yake. Rangi haikupita hata tone. Huenda ni maambukizi ya zamani, ya namna ambayo mtu huwa nayo asijue, na akanisisitizia kwamba si kosa langu. Kupata mimba kwa njia ya kawaida nisitegemee. Kuna njia ya maabara, yai na mbegu vikakutanishwa nje ya mwili, lakini hiyo ni safari nyingine na ndefu, na Rama mwenyewe hajawahi kupimwa. Nirudi na mume wangu tuzungumze.

Sikulia. Kulia kunavuta nyuzi.

Rama akarudi na kofia mkononi. “Wamekusafisha?” akauliza. Kwetu kila mtu anajua kwamba mwanamke akiingizwa chumba kile cha upasuaji husafishwa kizazi, kisha hupata. Nilifumba macho. Yeye akamshukuru Mungu, akatoka nje kumpigia mama yake. Niliisikia furaha yake kupitia ukutani.

Alinirudisha nyumbani kesho yake, akapanda tena Diani kazini. Ijumaa wanawake wakaanza kuja, huyu na uji wa pilipili manga, huyu na supu ya kuku. Nilikunywa nusu bakuli ndipo nikaelewa. Ule ulikuwa uji wa mzazi. Hapa kwetu tumbo likishafunguliwa lina utaratibu mmoja tu, nao ni wa aliyejifungua. Akandwe maji ya moto, afungwe mkaja tumbo lirudi, akae ndani. Hakuna utaratibu mwingine uliotungwa. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtoto.

Uji niliumaliza. Uji haujamkosea mtu. Maji ya moto nikayakwepa kwa kujifanya nimelala, Ijumaa na jana pia.

Daktari alisema vidonda vikae vikavu, visikandwe, visibanwe. Nikiona usaha au wekundu unaotambaa, au homa ikapanda, au tumbo likazidi kuuma badala ya kupoa, au mguu mmoja ukavimba, nirudi hospitali hapo hapo bila kungoja kuulizia watu. Wewe unayesoma, hilo lishike kuliko yote niliyoandika.

Leo Mama hakukubali usingizi wangu.

Aliingia na beseni la maji yanayofuka mvuke, majani ya mwarobaini yakielea, na kifurushi kwapani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika huku anakifungua. Kilikuwa mkaja. Kitambaa kirefu kilichokuwa cheupe zamani, sasa kina rangi ya chai, kinanukia udi. Ndio uliomfunga yeye alipomzaa Rama na wadogo zake wote. Wifi yangu aliuomba alipojifungua, akanyimwa.

“Vua kanga, mwanangu.”

“Mama, vidonda havitaki maji.”

“Tumbo lisipofungwa hubaki wazi. Mtoto atakaa wapi?”

Alishauweka mkaja mapajani mwangu. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Ningeweza kulala tena, au kulalamika bega. Lakini sikuweza kufungwa mkaja wa mtoto ambaye nimeshaambiwa hana njia.

Nikamwambia. Yote, polepole. Na kama daktari, nilimwambia mara mbili.

Mama hakulia wala hakunilaumu. Alitia mkono ndani ya beseni kama anayepima joto, akauacha humo mpaka nikaogopa ataungua.

“Rama anajua?”

“Hajui.”

“Basi asijue kwanza.” Akainuka, akausukuma mlango ukafungika. “Mwanamume ukimpa habari hii tupu, ataondoka nayo. Niache nimtafutie mtu. Mpole, wa hapa hapa tunapojuana. Wewe hutoki nyumba hii, Mwanasha. Wallahi, maadamu niko hai, hutoki. Utakaa naye kama ndugu yako.”

Alisema kwa upole mtupu, na hapo ndipo aliponimaliza. Angenitukana ningejua pa kumshika.

Kisha akachovya taulo, akalikamua, akanikanda bega. Tumbo hakuligusa.

“Upepo bado upo?”

“Umebaki kidogo, Mama.”

Alinikanda kwa muda mrefu, na mimi nilijua kwamba kichwani anapita nyumba hadi nyumba akiwatazama mabinti za watu. Mungu anisamehe, bega limepata nafuu.

Alipomaliza aliukunja mkaja vizuri, akafungua sanduku langu, akauweka juu ya kanga zangu.

“Mama, huu ni wako.”

“Kaa nao. Siku huyo mwenzio atakapojifungua, wewe ndiye utakayemfunga.”

Akabeba beseni lake akatoka. Wageni walikuwa wameshafika barazani, nikamsikia akiwaambia kwamba nimesafishwa, naendelea vizuri alhamdulillahi, waniache nipumzike. Sauti haikumtetemeka. Wakaitikia amina, akiwemo wifi.

Nimekaa na hilo tangu asubuhi. Si mtu mbaya. Laiti angekuwa. Anaona nyumba ya mwanawe inavuja, naye anaziba kwa kitu alichonacho. Lakini miaka saba nimekunywa kila kilichochemshwa na mkono wa mtu mwingine, na habari hii, hata ikiwa chungu, ni ya kwangu na Rama. Daktari hakusema nirudi na mama mkwe.

Sijui Rama atafanya nini. Niliisikia furaha yake kupitia ukutani, na mtu wa kuivunja ni mimi. Huenda Mama anamjua mwanawe kuliko ninavyomjua mume wangu.

Maji yameanza kujaa. Wenzangu wanapanda pwani na kamba zao, wamechoka, wananipungia mkono na kuniita mzazi. Nami nimewapungia.

Rama anashuka kesho. Simu nimeiacha, habari hii si ya simu. Nimeutoa mkaja sandukuni na kuuweka chini ya mto huu niliouegemea. Akishavua viatu nitamkalisha hapa, nitamwambia aupakate, aushike kwa mikono yote miwili, ndipo nianze. Akitaka kuondoka, itabidi kwanza atafute mahali pa kuuweka.