Uji wa Bi Asmahani

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Tanga, siku ya Alhamisi tarehe 15 Mei 2025, kuanzia saa 3:20 asubuhi.

Jina: Saleh Khatib Sadalla
Umri: Miaka 63
Kazi: Fundi mizani
Makazi: Makorora, Tanga
Uhusiano na mtuhumiwa: Mume

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu. Koplo Manase amenionya kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimemjibu kwamba ndiyo maana nimekuja, maana kuna jambo limeandikwa humu tangu jana ambalo si kweli, na linanihusu mimi. Nimetoka wodini kwa ruhusa ya daktari, kwa muda wa saa mbili tu. Sindano ya dripu bado iko mkononi, imefungwa bandeji. Dada yangu Suhaila ndiye aliyenisindikiza, yuko kwenye benchi la nje na chupa ya juisi. Dada yangu huyo ndiye mlalamikaji katika shauri hili. Naomba isiandikwe popote kwamba ni mtu mbaya.

Mke wangu, Asmahani Nasri, mzaliwa wa Moa, yuko mahabusu hapa tangu jana saa 9 alasiri kwa tuhuma kwamba alinilisha sumu kwenye uji. Tuna miaka thelathini na minne ya ndoa na binti mmoja, Salme, aliyeolewa Mwera. Nimeambiwa kwamba mke wangu alipoulizwa alisema, "Nimemtilia dawa," kisha akanyamaza, hata alipoulizwa mara ya pili na ya tatu. Koplo anasema huko ni kukiri. Mimi nasema ni kweli alichosema, alinitilia dawa. Ila ni dawa ya hospitali, imeandikwa jina langu kwenye bahasha. Nitaeleza kwa mpangilio.

Mnamo tarehe 7 Aprili 2025, Jumatatu, nilipimwa hospitali hapa mjini nikakutwa na sukari 16.8. Daktari alisema ni kisukari cha aina ya pili, akaniandikia vidonge vya glibenklamidi, kimoja kila asubuhi pamoja na kifungua kinywa. Mke wangu alikuwapo. Alisikia kila neno, na vidonge alivitia yeye mkobani, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni nataka kuondoka.

Naeleza kwa nini nilitaka kuondoka. Kaka yetu mkubwa, Mbarouk, alianza vidonge vya sukari kule Pemba, na mwaka haukuisha akakatwa mguu, kisha akafa. Sisi nyumbani tuliamini ni vidonge. Suhaila ndiye aliyemuuguza, na mpaka leo akiona kidonge cheupe anageuza uso. Daktari alinieleza kwamba kaka alichelewa, kwamba mguu ulikwisha haribika kabla ya dawa. Nilimsikia, lakini sikutaka kumsikia.

Jioni ile nyumbani mke wangu aliniletea kidonge kwenye kisahani, na maji. Nilikasirika. Nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Wallahi, ndani ya nyumba hii sitameza kidonge hata kimoja." Mke wangu akasema, "Haya, Baba Salme," akaondoa kisahani. Ile "haya" ya mke wangu ina mambo mengi ndani yake. Miaka thelathini na minne na bado sijajua yote.

Hatukulizungumza tena. Koplo ameniuliza kama tuligombana. Hatukugombana. Alinipikia, alinifulia, alipunguza sukari kwenye chai bila kuniuliza, na uji wa asubuhi akauzidisha iliki. Nilimsifu kwa ile iliki. Sikujua inaficha nini.

Mnamo tarehe 3 Mei, Jumamosi, nikiwa kibandani kwangu Ngamiani, niliona damu sakafuni. Nilitafuta imetoka wapi, nikaona ni kidole changu cha mguu wa kushoto. Kipande cha bati kilikuwa kimeingia ndani na mimi sikuhisi kitu. Nilikitoa kwa koleo, na wakati wa kukitoa pia sikuhisi. Niliogopa sana. Usiku ule nilimtazama mke wangu akiswali, nikafikiria atakavyonisukuma kwenye kigari cha magurudumu kwenda msikitini, na mlango wetu ulivyo mwembamba. Naona haya kusema, lakini nililia.

Mnamo tarehe 6 Mei, Jumanne, nilikwenda Pongwe kutengeneza mizani ya duka la nafaka. Nilipomaliza nikaingia zahanati ya huko, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nilimwonyesha mganga cheti changu cha Aprili. Akanipima, akapata 10.9. Akaniuliza, "Mzee, unatumia dawa?" Nikamjibu, "Situmii." Akauliza tena, kwa sababu ile sukari ilikuwa imeshuka sana. Nikamwambia sijaweka kidonge kinywani tangu nizaliwe. Naomba ieleweke kwamba sikumdanganya. Nilikuwa nasema ninachokijua. Akanisifu kwa kujizuia na vyakula, akanipa vidonge vilevile vya kwenye cheti, kimoja kila asubuhi, akasisitiza nisimeze nikakaa na njaa.

Kuhusu kiapo changu, nilikifikiria njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimeapa "ndani ya nyumba hii." Basi nikaamua nitamezea nje. Kila alfajiri baada ya swala nilisimama kwenye bomba la msikiti, nikameza kidonge kwa maji ya kiganjani, kisha nikaenda nyumbani kunywa uji. Vidonge nilivificha ndani ya kofia. Koplo amecheka hapa. Sijali.

Sikumwambia mke wangu. Kwanza ni kiburi, nakubali. Mtu ukishaapa mbele ya mkeo, kurudi nyuma ni kazi. Pili, nilitaka nimshangaze. Nilipanga nimeze miezi mitatu, nipimwe, nimletee ile karatasi yenye namba nzuri, niiweke kwenye kisahani kilekile. Nilikuwa nikimwazia atakavyoshika mdomo.

Tangu Jumatano tarehe 7 Mei nilianza kuona mambo. Kila ikifika saa 4 asubuhi mikono inatetemeka, jasho linanitoka na kuna kivuli, njaa inanishika ya ajabu. Siku mbili nilishindwa kusimamisha mshale wa mizani katikati, kazi ninayoifanya tangu nina miaka kumi na saba. Nikila andazi naona nafuu. Nilidhani ni uzee umekuja. Ilinipasa nirudi zahanati siku ileile ya kwanza, nikawaeleze. Sikurudi. Kosa hilo ni langu.

Dada yangu Suhaila alifika kutoka Pemba Jumapili tarehe 11 Mei kututembelea.

Jana, Jumatano tarehe 14 Mei, nilimeza kidonge saa 12:35 asubuhi pale bombani. Saa 1:10 nilikunywa uji nyumbani, bakuli moja. Mke wangu alikuwa ameandaa viazi vitamu vya kuchemsha, akaniambia, "Kula na viazi, Baba Salme, usitoke na uji mtupu." Nikamwambia nina haraka. Akanifuata mpaka barazani na kisahani cha viazi. Sikuchukua. Nilikwenda ghala la Bwana Nurmohamed kutengeneza mizani kubwa ya magunia, nikawa chini ya ile mizani mpaka saa 6 mchana bila kula chochote. Nilipotoka sikuweza kuhesabu bisibisi zangu, na ziko nne. Bwana Nurmohamed aliniona ninavyotokwa na jasho akaniita bajaji.

Nilifika nyumbani kama saa 6:20. Nakumbuka mke wangu akiniuliza kitu, na mimi nikimwita kwa jina la marehemu mama yangu. Baada ya hapo sikumbuki.

Koplo ameniambia nieleze niliyoyaona tu. Haya yanayofuata sikuyaona, nimeelezwa na Suhaila mwenyewe wodini, na yumo humu kituoni anaweza kuulizwa. Anasema asubuhi ile alipita dirisha la jikoni akamwona wifi yake anasaga kitu cheupe ndani ya kinu kidogo cha iliki, akakikung'utia kwenye bakuli langu, akakoroga, akaosha kinu mara mbili. Alinyamaza. Nilipoanguka akapiga kelele: "Jamani, miye nimemwona! Kamtilia kaka yangu!" Majirani wakajaa. Mke wangu alikuwa anakuja na kikombe cha maji ya sukari, maana mimi bado nilikuwa namezameza mate na macho yako wazi. Wakampokonya kikombe, wakamwaga. Walidhani anamalizia kazi.

Hilo la kikombe ndilo linaloniuma kuliko yote. Ndicho kitu pekee kilichokuwa sahihi saa ile, na kilikuwa mkononi mwake, wakakimwaga.

Hakubishana nao. Alinibeba na dereva wa bajaji mpaka hospitali. Daktari Ernesti alinipima, akakuta sukari 1.9. Alimwuliza mke wangu kama natumia dawa. Mke wangu akamwambia pembeni kwamba nanywa kidonge kimoja ndani ya uji kila siku tangu tarehe 8 Aprili, bila mimi kujua. Wakati daktari ananihudumia, Suhaila alikuja na polisi, mke wangu akachukuliwa.

Nilizinduka vizuri jana jioni. Nikauliza mke wangu yuko wapi, nikaambiwa nipumzike. Leo alfajiri Daktari Ernesti akanijia, akaniuliza mimi binafsi nimemeza vidonge vingapi. Nikasema kimoja. Akasema, "Na mkeo alikutilia kimoja." Nikamwambia haiwezekani, mke wangu anajua nimeapa. Ndipo akanipa maneno ya mke wangu kama alivyomwambia: "Daktari, mume wangu aliapa hatameza. Lakini uji haumezwi, uji hunywewa."

Basi nikaelewa. Mimi niliokoa kiapo kwa kutoka nje ya nyumba. Yeye alikiokoa ndani ya nyumba, kwa kunitoa kwenye kumeza akanitia kwenye kunywa. Kila mmoja wetu alifuata maelekezo aliyopewa, kidonge kimoja kwa siku, kabla ya kazi, pamoja na chakula. Hakuna aliyemwambia mwenziwe, na mwili ni mmoja, ukapokea viwili. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Kisha nikakumbuka yuko wapi, nikaacha kucheka.

Nimeulizwa kwa nini mke wangu hakuwaeleza polisi haya. Mimi namjua. Angeeleza uji, ingebidi aeleze kiapo, na maneno aliyoyasema mumewe kwa hasira ndani ya nyumba hawezi kuyatoa mbele ya askari hata kama analala sakafuni. Aliona heri aitwe muuaji kuliko mimi niitwe mjinga. Sasa nayatoa mwenyewe. Andika kwamba nilikuwa mjinga.

Kuhusu dada yangu: aliona unga mweupe, aliona kaka yake anaanguka, na alishamzika kaka mwingine. Mimi ningeona hivyo ningepiga kelele zaidi yake. Hana chuki na wifi yake. Leo tangu alfajiri hajatia kitu kinywani.

Daktari Ernesti amenipa maagizo na nayaweka humu ili mke wangu ayasikie yakisomwa. Vidonge vya Pongwe vimesimamishwa, na nitatibiwa mahali pamoja kwa kadi moja. Kidonge kisisagwe tena bila kuuliza, maana viko ambavyo vikisagwa vinadhuru. Nisimeze nikaruka chakula. Nikianza kutetemeka na kutokwa jasho, ninywe kitu cha sukari hapohapo na nimwambie aliye karibu, na nikiwa sijitambui nisimiminiwe kitu kinywani, nikimbizwe hospitali. Kiapo nitakitolea kafara, nitalisha maskini kumi. Suhaila amesema atapika yeye.

Naomba mke wangu aachiwe. Hakunilisha sumu. Amenitibu mwezi mzima na wiki nzima nikiwa sistahili, na akaniacha nidhani ni iliki. Nampenda. Koplo ameuliza kama hilo la mwisho ni la lazima kuandikwa. Nimemwambia ni la lazima.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nimeyaelewa, na ndiyo niliyoyasema.

Sahihi: S. K. Sadalla

MAELEZO YA ASKARI

Mimi Koplo Manase nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Yalikamilika saa 4:25 asubuhi. Sahihi ya shahidi imetiwa saa 4:55. Natakiwa kueleza hizo dakika thelathini.

Saa 4:27 mkuu wa kituo aliagiza mtuhumiwa atolewe ili atambue bahasha ya vidonge. Alipoingia alimkuta shahidi ameshika kalamu. Hakuitazama bahasha. Aliuliza, "Umekula?" Shahidi akajibu kwamba amekunywa juisi. Mtuhumiwa akamnyang'anya kalamu, akanirudishia mimi, akasema, "Afande, huyu hatii sahihi kabla hajala. Karatasi haina njaa."

Nilimkumbusha kwamba yeye bado yuko chini ya ulinzi. Alisema anajua, na akauliza wapi hapa karibu wanauza chapati. Mlalamikaji alikimbia kununua, akarudi na chapati tatu na maharage. Walikaa benchi moja, shahidi katikati. Mtuhumiwa alimmegea mumewe akamtazama mpaka akamaliza, ndipo akammegea mlalamikaji, ambaye alikuwa analia na hakuweza kupokea, akamtilia mkononi na kumfumba vidole.

Baada ya hapo kalamu ikarudishwa.