Kadi ya Havyarimana

Kambi ya Wanamaji,
Dar es Salaam.
3 Desemba 1978

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Mimi ni mzima, ila ngozi imekuwa ngumu kwa chumvi. Mguu wako unaendeleaje? Migomba ya bondeni imestahimili mvua? Na binamu Speciosa, bado anaepua maharage kabla hayajaiva? Mwambie huku nayala hivyo hivyo kila siku, kwa hiyo nimemsamehe.

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Safari hii si mwandiko wa Katekista Gervasi, ni mkono wako mwenyewe. Mistari ni minne tu, nayo inapanda mlima kama njia ya kwetu Mugoma, lakini hakuna neno lililonishinda. Unasema darasa la watu wazima linakupa furaha, na kwamba unakaa benchi la mbele ili usimwone Havyarimana aliye nyuma. Hapo ndipo nilipoiweka chini.

Miaka yote barua zangu zimesomwa na Katekista uani kwako, balozi akisikiliza, majirani wakisikiliza, na kuku pia. Kwa hiyo nilikuwa naandika mambo ya kusomwa uani. Hii ni ya kwako peke yako. Nimeiandika kwa herufi kubwa na sentensi fupi. Funga mlango, uisome taratibu.

Nianze na habari njema. Nimefaulu. Tarehe kumi na sita mwezi huu nitavalishwa nyota moja begani na kuwa luteni-usu wa wanamaji. Unajua nilikopitia: kidato cha sita, mwaka wa Jeshi la Kujenga Taifa nikilima mahindi na kuimba, kisha chuo cha maofisa, ambako tulikimbia mpaka nikasahau kutembea. Usichojua ni kwamba kuingia majini kulikuwa na usaili wake. Mkubwa mmoja alitazama fomu yangu akauliza mtu wa milima ya Ngara anatafuta nini baharini. Nilimjibu kuhusu ulinzi wa mwambao wa taifa, jibu zuri la kitabuni, akaandika alama. Halikuwa jibu langu la kweli.

Wenzangu wa pwani waliniita Bwana Migomba. Wiki ya kwanza melini nilitapika mpaka nikamwomba Bikira Maria anichukue. Lakini hesabu nilizijua, na hesabu ndizo zinazompeleka ofisa mbele. Tunajifunza kusoma ramani ya bahari, kushika njia kwa dira, kupima pembe ya nyota na kujua tulipo, kuzungumza na meli nyingine kwa bendera na taa. Mafundo ya kamba nimeyajua upesi, maana nimefunga mbuzi tangu utotoni. Kilichobaki kikanitesa ni kuogelea. Nilijifunza nikiwa mtu mzima, naogopa, nikinywa maji kila siku, na mwalimu wetu Mchina akinirudisha bila hasira.

Mtihani wa mwisho ulikuwa kumwokoa mtu. Mwenzangu Anatoli aliambiwa ajifanye anazama, nami nimlete ufukweni. Mama, Anatoli ni mpole, lakini aliponishika shingoni nilikwenda naye chini. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kazini kumbandua. Hata angekuwapo mtu wa pili hatua moja tu kutoka kwangu, nisingeweza kumnyooshea hata kidole. Nilimfikisha nchi kavu. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikaa mchangani nikalia, wakadhani ni furaha.

Sasa nakuambia nililolificha miaka tisa.

Siku uliyotutuma kwa shangazi Verediana, mimi na mdogo wangu Restituta, uliniambia mto Ruvuvu ukiwa umejaa turudi nyumbani. Tulifika kivukoni, ulikuwa umejaa. Havyarimana alikuwa ameshauvuta mtumbwi wake nchi kavu. Alikataa kutuvusha. Alikataa mara mbili. Mimi nilikuwa na hamu ya harusi iliyokuwa ng'ambo siku hiyo, basi nikamdanganya kwamba shangazi yuko kufani na wewe umeagiza tufike siku hiyo hiyo. Alitazama maji, akatutazama sisi, akausukuma mtumbwi.

Katikati gogo lilitugonga tukapinduka. Havyarimana alikuwa amemshika mkono Restituta, aliyekuwa karibu naye kuliko mimi. Mimi nilimrukia shingoni. Nilimkaba kwa nguvu zote, na mkono wa Restituta ukamponyoka. Alinitoa mimi. Kisha akarudi majini peke yake mara tatu, mpaka akatapika damu.

Pale ukingoni nilimwambia nitakuja kukuungamia. Alinizuia. Alisema, "Mama yako amepoteza mtoto mmoja leo. Asipoteze wawili." Ndiyo sababu, ulipomwita mbele ya watu mtu aliyemuuza Restituta kwa mto, aliinamisha kichwa na hakujibu. Nami nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika kitenge chako. Hata operesheni ya vijiji ilipomleta nyumba ya tatu kutoka kwako, ukawa unageuza uso kisimani, nilikaa kimya.

Mama, hilo ndilo jibu nililomficha yule mkubwa. Nimekuja majini kwa sababu sikujua kuogelea siku ile. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, nikasirikie mimi, ni haki yako, lakini yeye mwache huru.

Kila ofisa mpya amepewa kadi mbili za kualika wazazi. Najua hutaweza kuja. Vita imechukua mabasi na malori yote kubeba askari, na sisi wenyewe baada ya sherehe tutapelekwa kazini, sina ruhusa ya kusema wapi. Hata hivyo kadi nimezijaza. Ya kwanza ina jina lako. Ya pili, mahali pa baba, Mungu amrehemu, nimeandika Havyarimana.

Kwetu watu wakipatana hawasemi mengi, wanaweka mtungi mmoja katikati na mirija miwili. Kama pombe ya ndizi itakuwa imeiva, mpelekee. Kama haijaiva, nenda na kadi peke yake. Wewe mwenyewe umeandika kwamba huko benchi la nyuma yeye bado hajaweza kusoma hata jina lake. Basi, Mama, nenda ukamsomee.

Wasalimie Speciosa na Katekista Gervasi, na Katekista umwombe radhi kwamba hii hakuisoma. Kaburi la Restituta ulipalilie kwa niaba yangu mpaka nirudi. Baki na amani, mama yangu.

Ni mimi mwanao uliyebaki naye,
Philbert