Filtre ya Asukulu

Siku ya tano hapa mjini Baraka.

Filtre yenyewe, ile ya kuunga phonie, redio yetu ya kuongelea, na antenne, ilikuwa nzuri: bobine za waya na condensateur zake zilipandana kama ngazi. Asukulu, fundi mwenzangu, aliihesabu kwa ohm makumi tano upande wa phonie na makumi tano upande wa antenne. Lakini waya yetu ya antenne iko na mia tatu, na bila kulingana nguvu inarudi kuunguza phonie. Mi niliipima jana, nikanyamaza, kwa sababu alinicheka mbele ya batu akisema mi ni fundi wa marto, wa kugonga misumari tu.

Leo phonie imeungua mbele ya chef wa kambi, akamwambia Asukulu: "Citoyen, hii ni sabotage, umeharibu kusudi." Basoda, askari wake, bakamupeleka Asukulu kifungoni.

Jioni muke wake ameniletea samaki, akaniomba nimweleze chef kosa ilitoka wapi.

"Mama, mi niko fundi wa marto tu."

Samaki nimeimaliza.