Maji Yalipinda Saluni kwa Mama Hamdiya

Mpendwa Bi Shaima, naja kwako na aibu yangu unisaidie, mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja huku Tegeta, na kila mwaka nafundisha umeme tuli kwa kuandika ubaoni kwamba kitana kilichosuguliwa kwenye nywele kikisogezwa bombani maji hupinda, mwenyewe sijawahi kujaribu, basi mwezi uliopita Hamdiya wa kidato cha pili akasimama akasema, "Samahani mwalimu, mie nimejaribu nyumbani mara nyingi, hayapindi," nami mbele ya wenzake sitini nikamjibu fizikia haimfai mtu mbishi, abaki na kusuka kama mama yake.

Jumamosi nikaingia saluni kusuka, kumbe ni ya huyo mama, na Hamdiya yupo, akaniamkia shikamoo bila kinyongo, nilipokwisha kukaushwa nywele akachukua kitana, akakipitishia draya, akakisugua kichwani kwangu, akafungua bomba kidogo tu, na maji, Bi Shaima, maji yakapinda! Nilisisimka mwili mzima, machozi yakanitoka, miaka kumi na moja nasema jambo nisilojua uzuri wake. "Nyumbani yalikataa kupinda kwa sababu ya hewa yetu ya Dar, mwalimu, imejaa maji," akanieleza. "Molekuli za maji hayo zina upande chanya na upande hasi, zinang'ang'ania kitana, chaji inavuja."

Lakini fomu ya kuchagua masomo ameshajaza, fizikia ameiacha, na fomu zinapelekwa Ijumaa. Nimwombeje radhi bila kuvunja heshima yangu darasani?

Demetria, Tegeta

Mwalimu Demetria,

Pole, na hongera kwa machozi hayo, wengi hustaafu hawajayatoa. Ila hapo pa kumwambia abaki na kusuka ulikosea sana. Umemdhalilisha mtoto na mama yake kwa mpigo mmoja, kisha ukampelekea mama huyo huyo kichwa chako! Heshima gani unayoilinda? Kosa la hadharani haliombewi radhi chemba.

Nilipomaliza barua yako nilikwenda bombani na kitana changu. Wapi! Nikaazima draya kwa jirani, nikakausha kitana na nywele, nikarudia, na uzi wa maji ukakifuata kitana. Subhanallah! Nina miaka hamsini na nane, nikabaki nimesimama maji yakimwagika bure.

Sasa fanya hivi. Kesho nenda kwa mama, umtake radhi. Keshokutwa sema mbele ya wote sitini, "Hamdiya alikuwa sahihi, nilikosea mimi," mpe chaki afundishe, nawe kaa kwenye dawati usikilize. Akimaliza mpe fomu mpya, na usimbembeleze. Mtoto aliyejaribu peke yake mpaka akajua kwa nini maji hayapindi, fizikia hajaiacha. Amekuacha wewe.