Siku Tuliyoishiwa Sabuni

Jumamosi, siku ya kufungua duka

Niliiahidi kamati ya ushirika kwamba watakuja wateja mia mbili. Wamekuja sitini na mmoja. Tena asubuhi walisimama mlangoni tu, wakingoja kuhudumiwa kama kwenye maduka waliyoyazoea, ilhali hapa mtu anajichukulia mwenyewe rafuni. Nikaona aibu.

Bibi mmoja wa mtaa wa Cheyo akaniuliza, "Mwanangu, nikishika kitu mwenyewe hutanifokea?"

"Shika tu, bibi. Duka ni lenu."

Akanusa mche wa sabuni, akachukua minne. Wengine wakaingia nyuma yake, na ilipofika saa tisa rafu ya sabuni ilikuwa tupu. Watu wachache, lakini mauzo yamekaribia kabisa yale tuliyotarajia.

Mwenyekiti wa kamati nilimwogopa bure. Aliitazama ile rafu, akacheka. "Jumatatu agiza sabuni zaidi."

Miguu inaniuma. Sijali.